Spika Monita za Kale za Utangazaji na Krosova Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wapenzi wa spika za zamani za studio huyarudia mara nyingi. Mifano mingi imetolewa kwenye spika za BBC ya Uingereza, kwa sababu usanifu wake ulichapishwa kwa undani na umeigwa kuliko wa shirika lingine lolote. Penye jibu linalotegemea jingine, utaelekezwa huko badala ya kurudiwa maelezo.

## Mambo ya msingi

Spika monita ya utangazaji ni nini, na inatofautianaje na spika ya nyumbani?

Ni chombo cha kazi. Fundi mitambo aliyeketi mbele yake anatakiwa kutambua kama maikrofoni imewekwa vibaya, kama sauti ya mtangazaji imekuwa nzito kupita kiasi, au kama kuna mngurumo wa umeme, kabla matangazo hayajawafikia wasikilizaji. Kwa hiyo spika hiyo haipimwi kwa utamu wake, bali kwa ukweli wake na kwa kufanana kwake na nyingine za aina hiyo hiyo, kwani kipindi huweza kurekodiwa katika studio moja, kuhaririwa katika nyingine na kurushwa kutoka ya tatu. Sharti hilo la kufanana ndilo lililozaa sehemu kubwa ya ugumu wa krosova, yaani saketi inayogawa sauti ndani ya spika, tutakaouona hapa chini.

Majina kama LS3/5A na LS5/8 yana maana gani?

LS ni kifupisho cha Kiingereza cha neno spika. Tarakimu inayofuata inaonyesha matumizi: 3 ni vifaa vya matangazo ya nje ya studio, na 5 ni vifaa vya studio. Namba iliyo baada ya mkwaju ni ya mfululizo wa usanifu, na herufi ya mwisho inaonyesha marekebisho. Hivyo LS3/5A ni toleo lililorekebishwa la usanifu wa tano wa spika za matangazo ya nje. Haina maana kwamba ni ndogo kwa LS5/8 kwa daraja. Ilikusudiwa mazingira mengine.

Kwa nini BBC ilijisanifia spika badala ya kununua zilizokuwa sokoni?

Kwa sababu zilizokuwa sokoni hazikupita mtihani. Idara ya utafiti ya BBC, ambayo tangu 1948 ilikuwa Kingswood Warren katika jimbo la Surrey, ilikuwa na nafasi ambayo watengenezaji wengi hawakuwa nayo: mtu halisi akizungumza ndani ya studio, na spika ikitoa sauti yake hiyo hiyo katika chumba cha pili. Wahandisi waliweza kutoka mlango mmoja na kuingia mwingine na kulinganisha. Sauti ya mwanamume akizungumza ilionekana kuwa kipimo kikali, kwa kuwa kila sikio la binadamu linaifahamu na halidanganyiki nayo kwa urahisi.

D. E. L. Shorter, aliyeongoza kazi hiyo katika miaka ya awali, alikuwa tayari mwaka 1946 amechapisha njia ya kupima mabaki ya sauti yanayoendelea kutoka kwenye spika baada ya mawimbi kukatwa ghafla. Mabaki hayo ndiyo yanayoipa spika rangi isiyo yake. Baada yake walifuata H. D. Harwood na Spencer Hughes, ambao baadaye kila mmoja alianzisha kampuni yake, Harbeth na Spendor.

## Krosova inavyofanya kazi

Krosova ni nini hasa?

Ni saketi inayogawa mawimbi ya umeme kutoka kwenye amplifaya ili besi na sauti za kati ziende kwenye wufa, na sauti za juu ziende kwenye twita. Koili huzuia masafa ya juu na kupitisha ya chini. Kapasita hufanya kinyume chake. Ukiunganisha kapasita mfululizo na twita ya ohm 8 na ukataka mkato uanzie 3 kHz, hesabu itakupa takriban mikrofaradi 6.6. Kwa wufa ya ohm 8, koili itakuwa kama milihenri 0.42.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inachukulia kwamba spika ni rezista isiyobadilika, jambo ambalo si kweli. Impidansi ya wufa, yaani ukinzani wake kwa mawimbi ya umeme, hupanda kadiri masafa yanavyopanda, na ya twita huwa na kilele kwenye masafa yake ya mwangwi, yaani yale inayotetemeka kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana krosova inayokokotolewa kwa fomula peke yake, au inayonunuliwa tayari dukani, hutoa matokeo tofauti na yaliyoandikwa juu yake.

Mteremko wa desibeli 6, 12, 18 au 24 kwa oktava unabadilisha nini?

Unaeleza jinsi sauti inavyokatwa kwa ukali. Oktava ni masafa yanapoongezeka maradufu. Kipande kimoja hutoa desibeli 6 kwa oktava, viwili 12, na kuendelea. Mteremko mpole una vipande vichache, lakini unaacha wufa na twita zikitoa sauti pamoja katika eneo pana, na twita inabeba masafa ya chini yanayoweza kuiumiza. Mteremko mkali unailinda twita na kupunguza mwingiliano, kwa gharama ya vipande vingi na mabadiliko makubwa zaidi ya fezi, yaani muda wa mawimbi kufika.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba mteremko unaosikika si wa saketi peke yake. Ni jumla ya saketi na mteremko wa asili wa spika yenyewe: saketi ya desibeli 12 ikiwekwa kwenye twita ambayo tayari inashuka katika eneo hilo inaweza kuzaa desibeli 18 au zaidi. Anayehesabu vipande kwenye bodi na kutangaza daraja la krosova bila kupima anasema nusu tu ya habari.

Kwa nini krosova ya LS3/5A ina vipande vingi kiasi hicho kwa spika ndogo?

Hili ndilo swali lenye manufaa kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu jibu lake linaonyesha fikra nzima ya usanifu huu.

LS3/5A ni sanduku lililofungwa la ujazo wa lita 5 hivi, lenye wufa ya B110 ya kampuni ya KEF, yenye koni ya plastiki ya Bextrene na twita ya KEF T27 ya milimita 19. Ilikusudiwa magari ya matangazo ya nje, ambamo hapakuwa na nafasi ya spika kubwa na ambamo kusikiliza kwa hedifoni hakukuridhisha. Chimbuko lake lilikuwa spika ndogo iliyotumika Kingswood Warren katika majaribio ya akustika ya studio kwa modeli zilizopunguzwa ukubwa.

B110 ikiwa peke yake ina mwinuko katika sauti za kati, kwenye eneo la 1 hadi 2 kHz. Msanifu mwenye haraka angeitupa na kutafuta wufa nyingine. Wahandisi wa BBC walithamini usafi wake mwingine, wakaamua kuunyoosha mwinuko huo kwa umeme. Kwa hiyo upande wa wufa kwenye krosova ile, iliyopewa namba FL6/23, unafanya kazi mbili kwa pamoja: unakata sauti za juu karibu na 3 kHz, na pia unasawazisha umbo la sauti chini ya mkato. Koili, kapasita na rezista za ziada zinazowashangaza watu ni za kazi hiyo ya pili.

Upande wa twita nao una siri yake. Badala ya kupunguza nguvu kwa rezista ya kawaida, umetumia koili yenye matapu (sehemu kadhaa za kuunganishia waya), inayofanya kazi kama transfoma. Kila twita iliyotoka kiwandani ilikuwa na usikivu wake, yaani kiasi cha sauti inachotoa kwa nguvu ile ile, juu au chini kidogo ya mwenzake. Fundi aliipima, akauunganisha waya kwenye tapu inayofaa, na spika ikalingana na ile ya marejeo. Ukifungua jozi ya zamani ukakuta waya wa kushoto uko kwenye tapu tofauti na wa kulia, usiusawazishe. Tofauti hiyo iliwekwa kwa makusudi, na ndiyo inayozifanya spika mbili zisikike kama moja.

Krosova hii, basi, haiwezi kutenganishwa na spika zake. Si kigawanyaji cha jumla ambacho unaweza kukihamishia kwenye wufa nyingine.

Toleo la LS3/5 bila A lilikwenda wapi?

Lilitangulia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na likatengenezwa kwa idadi ndogo. Wufa na twita zilizofuata kutoka kiwandani zilikuwa zimebadilika kiasi cha kutolingana tena na krosova ya awali, hivyo usanifu ukafanywa upya na kuitwa LS3/5A mwaka 1974. Twita pia iliwekewa kinga ya matundu ya chuma, ambayo nayo inagusa sauti za juu na imehesabiwa ndani ya krosova. Kuiondoa kinga hiyo ili “kuiachia twita ipumue” ni kuibadilisha spika.

Kwa nini LS5/8 haina krosova ndani ya sanduku?

Kwa sababu mgawanyo wake unafanyika kabla ya amplifaya. LS5/8 ina wufa ya inchi 12 yenye koni ya polipropilini na twita ya Audax ya milimita 34, na kila sanduku lilikwenda na amplifaya yake ya Quad 405 iliyorekebishwa: chaneli moja iliendesha wufa, ya pili iliendesha twita. Kadi ya elektroniki ilitenganisha masafa na kusawazisha sauti kwa kiwango kidogo cha volti, bila koili nzito wala upotevu wa nguvu.

Faida yake ni kubwa. Kasoro yake ni kwamba sanduku lililotenganishwa na amplifaya yake halina thamani ya kazi, na wanunuzi wengi wa leo hukutana na tatizo hilo. LS5/9 ya mwaka 1983, yenye wufa ya inchi 8 na twita ya aina hiyo hiyo, ilirudi kwenye krosova ya kawaida iliyo ndani, ili iendeshwe na amplifaya yoyote bora.

LS5/1 ilikuwa na twita mbili. Kwa nini?

LS5/1 ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilitumia wufa ya inchi 15 na twita mbili za Celestion HF1300, moja juu ya nyingine. Mbili zilihitajika ili kubeba nguvu chini ya masafa ambayo moja ingeyamudu. Lakini twita mbili zikitoa sauti za juu pamoja huingiliana, na msikilizaji akiinua kichwa kidogo sauti hubadilika. Suluhisho lilikuwa kuipunguza moja juu ya 3 kHz hivi ili mwenzake abaki peke yake. Wufa nayo iliwekwa nyuma ya mpasuo mwembamba wa wima, ili sauti zake za kati zitawanyike kwa upana. Wakati huo ilikuwa akili ya hali ya juu, na bado inafundisha: krosova haigawi masafa tu, inagawa pia mwelekeo wa sauti.

Je, ni kweli kuna “bonde la BBC” katika sauti za kati?

Kuna ukweli, lakini umetiwa chumvi nyingi. Baadhi ya spika za studio za BBC zina mshuko mdogo katika eneo la 1 hadi 4 kHz, kwa sehemu kwa sababu twita hutawanya sauti kwa upana kuliko wufa katika eneo hilo, na usawa kamili ukipimwa mbele tu ungefanya jumla ya sauti chumbani iwe kali. Halikuwa sheria kwa kila usanifu. LS3/5A, ambayo watu huitaja mara nyingi kama mfano wa bonde hilo, ina mwinuko mdogo karibu na 1 kHz, kinyume kabisa cha inavyosemwa.

## Koni na sanduku

Bextrene ni nini, na kwa nini iliacha kutumika?

Ni plastiki ya jamii ya polistirini, iliyofinyangwa kwa joto na ombwe. Koni za karatasi zilibadilika kwa unyevu na kwa kila fungu la karatasi, jambo lisilokubalika penye sharti la kufanana. Bextrene ilileta ulinganifu, lakini ilikuwa nzito na ilihitaji kupakwa dawa ya kuituliza. Uzito huo ni sababu mojawapo ya usikivu mdogo wa spika za kizazi hicho. Polipropilini, ambayo Harwood aliishughulikia katika miaka ya 1970, ni nyepesi zaidi na ina utulivu wake wa asili, hivyo krosova yake inaweza kuwa na marekebisho machache.

Kwa nini masanduku yana kuta nyembamba? Si afadhali mbao nene?

Mbao nene haiondoi mtetemo. Inaupandisha juu kwenye masafa ambayo sikio ni jepesi zaidi, na kuufanya udumu. Utafiti wa Harwood na R. Mathews, uliochapishwa 1977, uliunga mkono njia nyingine: plaiwudi nyembamba ya mti wa birch iliyobandikwa lami nzito ndani, ili mtetemo ushuke chini na ufe haraka. Hata vipande vya mbao vya pembeni ndani ya LS3/5A vilitakiwa viwe vya mbao ngumu iliyotajwa, kwa kuwa mbao laini zaidi ilibadilisha mwangwi wa sanduku. Anayetengeneza nakala kwa chipubodi ya milimita 25 hajaiboresha. Ametengeneza spika nyingine.

## Kuziendesha na kuziweka

Nitumie amplifaya ya wati ngapi?

Kwa LS3/5A, amplifaya safi ya wati 25 hadi 50 inatosha kwa chumba cha kawaida. Usikivu wake ni takriban desibeli 83, kwa hiyo wati 25 zitakupa karibu desibeli 97 kwa mita 1, na hapo umefika kwenye mpaka wa wufa yake ndogo. Kuongeza wati hakuongezi sauti safi baada ya mpaka huo. Kinachounguza twita mara nyingi ni amplifaya iliyosukumwa hadi inakata vilele vya mawimbi.

Toleo la ohm 15 na la ohm 11 yanatofautianaje, na lipi ni bora?

La ohm 15 ndilo la asili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 B110 iliboreshwa ili ilingane vizuri zaidi kutoka moja hadi nyingine, na krosova ikasanifiwa upya kuifuata. Impidansi ya jumla ikawa ohm 11. Zote mbili zilikidhi vipimo vya BBC. Mimi ningenunua jozi iliyo katika hali nzuri zaidi, bila kujali namba. Jambo lisiloruhusiwa ni kuchanganya: wufa ya toleo moja kwenye krosova ya jingine, au sanduku moja la kila toleo.

Tahadhari moja unapolinganisha usikivu: volti 2.83 ni wati 1 kwenye ohm 8, lakini ni nusu wati tu kwenye ohm 16. Spika mbili zenye desibeli sawa kwa volti hizo si sawa kwa wati.

Mbona besi yake ni ndogo? Niiweke karibu na ukuta?

Sanduku lililofungwa la lita 5 haliwezi kushuka sana. LS3/5A huanza kupungua ikielekea 70 Hz. Juu kidogo ya hapo ina uvimbe mdogo ulioachwa makusudi, unaolipa sikio hisia ya besi kamili. Ukiisukuma ukutani uvimbe huo unakua na sauti ya mwanamume inakuwa ya ndani ya pipa. Iweke juu ya stendi, twita ikiwa usawa wa sikio. Urefu wa wimbi la 3 kHz ni sentimita 11 hivi, karibu sawa na umbali kati ya twita na wufa, kwa hiyo kuketi juu sana au chini sana kunavuruga makutano ambayo krosova imeyapanga kwa uangalifu.

## Matengenezo na hali zisizo za kawaida

Nibadilishe kapasita zote za zamani?

Pima kwanza. Kapasita za elektroliti hukauka, thamani yake hubadilika na ukinzani wake wa ndani hupanda. Hizo hubadilishwa bila ubishi zikitoka nje ya kipimo. Za filamu ya plastiki hudumu miongo mingi na mara nyingi hazina tatizo.

Ukibadilisha elektroliti kwa filamu, kumbuka kwamba ya kwanza ilikuwa na ukinzani mdogo wa ndani ambao msanifu aliuhesabu. Filamu haina, hivyo twita inaweza kuwa kali zaidi. Rezista ya nusu ohm hadi ohm 1 mfululizo na kapasita mpya kwa kawaida hurudisha mizani. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, kwa thamani zinazolingana, na uziweke koili mahali pake pa awali na kwa mwelekeo ule ule, kwa kuwa koili mbili zikikaribiana huathiriana kisumaku.

Nimefungua nikakuta twita imeunganishwa kinyume. Niigeuze?

Usiiguse. Katika krosova nyingi za desibeli 12, mawimbi ya wufa na twita hufika kwenye makutano yakiwa yamepishana nusu mzunguko, na kugeuza chanya na hasi ndiyo njia ya kuyakutanisha. Linganisha spika mbili: zikiwa zimeunganishwa sawa, hiyo ndiyo kazi ya kiwanda. Zikitofautiana, moja iliwahi kutengenezwa vibaya, na hapo utahitaji mchoro wa saketi au maikrofoni ya kupimia ili kujua ni ipi.

Twita imeungua na ya asili haipatikani. Ya kisasa yenye kipenyo kile kile itafaa?

Kipenyo hakitoshi. Inabidi ilingane kwa impidansi, usikivu na masafa ya mwangwi. Kapasita inayokata 3 kHz kwenye ohm 8 itakata 1.5 kHz kwenye ohm 16, na twita itaungua tena. Tafuta twita iliyotumika ya aina ile ile, ipimwe, kisha irekebishwe kwa matapu kama ilivyoelezwa kwenye jibu la krosova ya LS3/5A. Ukilazimika kutumia nyingine, badilisha zote mbili na usanifu upande wa twita upya kwa vipimo. Usitarajie jozi hiyo iitwe tena kwa jina lake la zamani unapoiuza.

Spika moja inasikika hafifu kuliko nyingine. Nianzie wapi?

Badilishana waya wa kushoto na kulia kwenye amplifaya. Tatizo likihama, liko kwenye amplifaya au chanzo. Likibaki palepale, ondoa uwezekano wa chumba kwa kubadilishana nafasi za masanduku yenyewe. Kisha pima kwa mita ukinzani wa kila wufa na kila twita, waya zake zikiwa zimetenganishwa na krosova, maana koili huweza kuipotosha mita. Zikilingana, kagua solda za krosova kwa kioo cha kukuzia. Solda iliyopasuka kuzunguka mguu wa koili nzito ni kosa la kawaida kwa spika zilizosafirishwa sana kwenye magari ya matangazo. Mwisho kabisa ndipo uangalie matapu, na kabla ya kugusa waya wowote, piga picha ya ulivyokuwa.